Kumrudisha Kanjiro Nyumbani

Fumie alipanga foleni tangu asubuhi, mwavuli wa jua mkono mmoja na tawi la msonobari mkono mwingine, sanduku la magurudumu miguuni, na joto la Agosti lilikuwa limeufunika mji wa Kyoto kama kifuniko cha sufuria. Foleni ilianzia kwenye lango la hekalu la Rokudo, ikapinda kona, ikapita duka la peremende, na hakuna aliyenung'unika. Watu wa mtaa ule hunung'unikia mengi, lakini si foleni ya kuwaita wafu wao. Wanajipepea, wanasogea kidogo, wanajipepea tena.

Zamu yake ilipofika aliishika kamba inayotokeza kwenye tundu la ukuta, akaivuta kwa nguvu zake zote. Kengele ya pale haigongwi, huvutwa, na wala haionekani. Imefungiwa ndani ya kibanda chake, na sauti yake haipandi juu bali huzama ardhini, kule waliko wenyewe. Fumie alitamka jina jipya ambalo mtawa alimpa mumewe siku ya mazishi, jina refu la heshima. Halafu akaona haya kidogo, maana Kanjiro hakuwahi kuitwa hivyo maishani mwake na pengine asingejua kwamba ndiye anayeitwa. Basi akaongeza kwa sauti ya chini, "Kanjiro, ni mimi. Panda, tunakwenda nyumbani."

Wafu hupanda kwenye majani ya tawi, na aliyelibeba hana ruhusa ya kupitia popote. Ukiingia dukani, mtu wako anashuka dukani. Mtaani bado wanamsimulia mwanamke mmoja aliyesimama kula barafu njiani, akakaa siku zote za Bon, sikukuu ya wafu kurudi kwao, na madhabahu tupu huku mama mkwe wake yuko kwenye kibanda cha barafu. Wapo wanaosema alifanya makusudi.

Kwa hiyo Fumie alikwenda moja kwa moja. Shida ilikuwa moja tu, nayo ilimkosesha usingizi tangu mazishi ya majira ya baridi: nyumbani ni wapi.

Yeye na Kanjiro walikuwa watengenezaji wa tofu, kama baba yake Kanjiro na babu yake, katika nyumba ndefu ya mbao iliyobanwa kati ya mahekalu mawili, yenye kisima cha maji matamu pale kwenye korido ya jiko. Mikono ya Kanjiro ilipoanza kutetemeka wakaiuza nyumba, wakahamia ghorofa ya nne huko Yamashina, ng'ambo ya kilima. Kule Kanjiro akawa mtu mwingine. Yeye aliyekuwa akiamka kabla ya majogoo, sasa analala mpaka jua limemfikia usoni, kisha anakaa kibarazani na kikombe cha chai akitazama treni. Fumie alimtazama mgongo ule na moyo ukamuuma. Anaiomboleza nyumba yake, alijisemea, na hakuthubutu kumuuliza.

Halafu hospitali. Siku za mwisho Kanjiro alimshika kiganja akasema, "Fumie, nipeleke nyumbani." Daktari alisema hakuna ubaya, familia ikiweza. Lakini ingewezaje? Nyumba ilishauzwa. Mafundi walikuwa wameshang'oa madirisha, na pale palipokuwa na pipa la kuchemshia soya palikuwa na rundo la vifusi. Fumie alivuta shuka akamfunika mabega, akasema, "Tutaona kesho." Kila alipoombwa alijibu hivyo hivyo, mpaka kesho zikaisha.

Sasa nyumba ilikuwa hoteli. Hoteli ndogo, yenye vyumba vichache na mishumaa mingi, ya aina ile ambayo wageni hulipia utulivu. Fumie alipanga chumba kwa siku hizi za Bon. Mwanawe Yasuto, anayeishi Nagoya, alidhani kasikia vibaya kwenye simu.

"Mama, unakwenda kulala hotelini kwenye nyumba tuliyoiuza wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na baba yuko kwenye madhabahu, hapo hapo sebuleni kwako."

"Baba yako hakuipenda sebule hii," Fumie alisema. "Aliniomba kitu kimoja tu na sikumpa. Mwaka huu nitampa."

Yasuto akamwambia asisahau kunywa maji, maana joto ni kali.

Katika kichochoro cha zamani Tokie, muuza achari wa mlango wa pili, alikuwa akinyunyizia maji mbele ya duka lake kwa upawa. Alimwona rafiki yake na sanduku la magurudumu, akasimama wima.

"Karibu Kyoto, mgeni," akasema. "Mahekalu yako upande ule. Usisahau kupiga picha."

"Siwezi kusimama, Tokie. Niko naye."

Hapo ndipo Tokie alipoliona tawi. Aliuweka upawa chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaliinamia tawi kwa adabu zote.

"Umekonda, Kanjiro," akaliambia, na akampisha njia.

Aliyempokea Fumie mlangoni alikuwa Orie, msimamizi wa hoteli, mwanamke wa makamo aliyevaa nguo ya rangi ya majivu isiyo na hata kunyanzi. Walifahamiana tangu siku ya kukabidhiana ufunguo. Orie alimwita mama, akampokea sanduku, akataka kulipokea na tawi. Fumie hakuliachia. Alisema anaomba kulitundika kisimani, kama ilivyo desturi, mtu wake apumzike kwenye ubaridi mpaka siku ya kupandishwa madhabahuni.

Kisima kilikuwepo, tena kimependezeshwa. Walikuwa wamekifunika kwa kioo kinene kilichokazwa kwa skrubu, na ndani wametia taa, kwa hiyo maji yalimetameta kule chini kama kito cha dukani. Wageni wawili wa Denmark walikuwa wamechuchumaa wakikipiga picha. Orie alieleza kwamba kioo kile ni kwa ajili ya usalama, kwamba wenye hoteli wako Tokyo, kisha akatabasamu vizuri sana na kusema, "Nitalifikiria, mama."

Mtu wa mji mwingine angefurahi. Fumie alikuwa mtu wa hapo hapo, na alijua kwamba nitalifikiria maana yake ni hapana, na mlango umeshafungwa. Hakubishana. Alikaa kwenye benchi kando ya kisima, akaliweka tawi mapajani, akazungusha macho darini.

"Jinsi mlivyopapendezesha," akasema. "Mtu anaweza kukaa hapa mpaka vuli ifike."

Orie alizaliwa mitaa miwili kutoka pale. Alisikia alichoambiwa. Alimtazama mama yule alivyokaa, akalitazama tawi, akavuta pumzi, akaenda kutafuta bisibisi.

Alipiga magoti mwenyewe na nguo yake nzuri, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, huku akiwaeleza wale Wadenishi kwa lugha yao ya kigeni nini kinafanyika. Wakaweka kamera chini, wakasaidia kukiinua kioo. Na kisima kikapumua. Ubaridi ule ule, harufu ile ile ya mawe na maji, vikampanda Fumie usoni, na machozi yakamtoka hata kabla hajajiandaa. Alilifunga tawi kwa uzi, akaliteremsha taratibu mpaka likawa linaning'inia juu kidogo ya maji.

"Haya," akasema kisimani. "Umefika. Nyumbani hapa."

Baada ya hapo kazi ilikuwa ni kungoja.

Chumba alichopewa kilikuwa pale pale palipokuwa na pipa la kuchemshia. Mahali pa pipa sasa pana bafu la mbao, na Fumie alijitumbukiza humo mchana kweupe, maji yakimfika shingoni, akitazama mvuke unavyopanda mpaka kwenye boriti. Boriti aliijua. Aliijua kwa weusi wake, kwa alama ya ndoano ambayo Kanjiro alitundikia taa. Mengine yote yalikuwa yamelainishwa, yameondolewa sauti. Nyumba ile ilikuwa na kelele zake zamani, ngazi iliyolia, mlango uliokwama wakati wa mvua, jiwe la kusagia lililonguruma chini ya usingizi wa kila mtu. Sasa hata hatua zake mwenyewe hakuzisikia. Alihisi kama anatembea ndani ya nyumba iliyolala, au kama yeye ndiye amelala na nyumba inamtembelea.

Alivaa kanzu ya pamba ya hoteli, akajilaza kwenye mkeka. Nje nyenze walikuwa wakipiga kelele zao ndefu, mara zinajaa, mara zinapungua, na nyuma yake kengele za mahekalu zilipokezana taratibu, moja ikimaliza nyingine inakumbuka. Kivuli cha mianzi kilitambaa ukutani. Hakujua lini jua liliacha kuwa jeupe likawa la dhahabu, wala lini yeye aliacha kuwa macho.

Kanjiro alikuwa amekaa mlangoni, kwenye ukingo ule wa mbao ambapo watu huvua viatu. Alikuwa na gambuti zake za kazini miguuni na kofia juu ya goti. Wageni wa hoteli walimpita kushoto na kulia, naye akawa anakunja miguu kuwapisha, kwa upole, kama mtu aliye ugenini.

"Vua viatu uingie," Fumie alimwambia. "Kwako hapa."

Kanjiro akatazama ndani, akatazama dari, akatabasamu. "Tunakaa sana?"

"Mbona una haraka?"

"Sina haraka. Nakungoja wewe umalize kuangalia."

Fumie alitaka kumwambia kitu, lakini maji yalikuwa yamejaa koridoni, safi, ya kisima, na vipande vya tofu vyeupe vilikuwa vikielea juu yake polepole kuelekea barabarani, na wote wawili wakawa wanavitazama vikienda. Hakuna aliyeinuka kuvizuia. Alipoamka taa za karatasi zilishawashwa na mto ulikuwa umelowa.

Alfajiri aliamka bila kuamshwa, wakati ule ule alioamka maisha yake yote ya ndoa. Alishuka peku, akakaa kando ya kisima. Orie alikuwa amekizungushia kamba nene ili mtu asitumbukie, na tawi lilikuwa palepale, kijani kibichi, halitikisiki. Hii ndiyo ilikuwa saa ya Kanjiro. Saa hii alikuwa akipiga ukingo wa kisima kwa kifundo cha kidole kabla ya kuchota, kukibishia hodi. Fumie alitega sikio mpaka likauma.

"Kanjiro?"

Kimya. Si kwamba aliogopa, na si kwamba alitarajia mzuka. Alitarajia tu kuhisi kwamba ametua mzigo. Badala yake alijiona kama mke aliyemburuta mumewe harusini kwa watu wasiowajua, na mumewe kajikunyata pembeni na kofia yake. Alikaa hapo mpaka mwanga ukapenya mianzi, na kila dakika huzuni ikawa inazidi. Nimemleta alipotaka, aliwaza, na hayupo.

Orie alimwandalia kifungua kinywa chumbani, akakaa mwenyewe kumpakulia wali. Kulikuwa na supu, samaki mdogo, na kipande cha tofu ndani ya bakuli. Fumie alikionja. Si kibaya, alisema, ila kimetengenezwa kwa maji ya bomba. Wote wawili wakacheka kidogo, na baada ya kucheka Fumie akalisogeza bakuli kando. Basi akamweleza Orie yote, hospitali, ombi la Kanjiro, zile kesho zake alizokuwa akiahidi, na jinsi alivyodhani kwamba akimlaza hapa siku chache deni la moyo litaisha.

Orie aliweka birika chini. Aligeuza mpini wake upande huu, akaugeuza upande ule.

"Mama, kuna neno aliniambia nisikwambie."

"Nani?"

"Mzee. Siku ya ufunguo. Wewe ulikuwa nje kichochoroni, unalia, na mimi naye tuko hapa ndani ananionyesha kisima. Nikamwambia aje wakati wowote, hata kulala alale, chumba hatutamdai. Nilimwonea huruma. Akacheka."

"Kanjiro akacheka?"

"Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, 'Binti, nyumba hii imenitoa kitandani gizani tangu nikiwa mtoto wa shule. Sikuipenda hata siku moja. Niliitumikia tu. Kule ghorofani nimelala wiki nzima mpaka jua linanichoma, na nikifumbua macho Fumie yuko pembeni, hajakimbilia jikoni. Kumbe ndivyo watu wenye nyumba zao wanavyoishi.' Ndivyo alivyosema, mama. Halafu akaniambia, 'Usimwambie lakini. Yeye ndiye anayeipenda hii. Akijua mimi nimefurahi ataona haya kulia, na mwache alie.'"

Fumie alivilaza vijiti kando ya bakuli. Alimwona Kanjiro kibarazani, mgongo wake, kikombe chake, treni zikipita. Alivuta kumbukumbu zile moja moja na kuzigeuza, kama mtu anayekuta nguo alikuwa akiivaa ndani nje miaka yote. Ule usingizi wa asubuhi haukuwa huzuni. Ule ukimya haukuwa lawama. Alikuwa ameshiba usingizi, basi, na alikuwa akimficha mkewe raha yake ili asimuudhi. Kwanza alikasirika. Mzee yule, alisema kwa sauti, mzee mjinga yule, angesema tu. Kisha hasira ikampita, na nyuma yake likaja lile jingine.

Nipeleke nyumbani, alikuwa amesema. Kutoka hospitali mpaka ghorofani ni safari fupi ya teksi, hata abiria hawahi kumzoea dereva. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wake, mapajani, kila siku aliyokaa kando yake akimwambia wataona kesho.

Alilia pale mezani, bila kujificha, uso kwenye kitambaa cha hoteli. Orie alimsugua mgongo. Wali ukapoa. Kwa mbali watawa walikuwa wakisoma sala zao za asubuhi, na sauti zao ziliingia kupitia bustani kana kwamba zinatoka chini ya maji.

Mwishowe Fumie alifuta uso, akaukunja mkono wa kanzu. "Nisaidie kulitoa tawi," akasema.

Orie alisita. Aliyeteremshwa kisimani hukaa kisimani mpaka siku yake, hilo lilikuwa linajulikana, na hakuna aliyewahi kusikia mtu kumhamisha marehemu katikati ya mapumziko.

"Hajapumzika," Fumie alisema. "Yuko mlangoni na gambuti zake. Ananingoja mimi."

Waliuvuta uzi pamoja. Tawi likapanda likidondosha matone, na kila tone lilisikika likifika chini. Fumie alikiinamia kisima kile kilichomlisha miaka yote, akakishukuru. Kisha akaliambia tawi, "Kanjiro, nimekosea nyumba. Panda tena."

Orie alimsindikiza mpaka barabarani, akainama, na akawa bado ameinama Fumie alipopinda kona. Tokie alikuwa ameshafungua duka. Alimwita, akainua glasi ya chai ya shayiri yenye barafu, akauliza kulikoni mgeni anaondoka hata hajamaliza kuona mahekalu. Fumie alikuwa na kiu, na hakuna mtu duniani aliyependa kukaa naye kuliko Tokie. Alitikisa kichwa, akaonyesha tawi, akaendelea kutembea. Hakutazama madirisha ya maduka. Hakusimama mbele ya lango la hekalu lolote, ingawa miaka yote alikuwa akiinamisha kichwa mbele ya kila moja. Magurudumu ya sanduku yalinguruma nyuma yake kwenye mawe.

Ndani ya treni msichana mmoja alimwachia kiti. Fumie alikaa, akaliweka tawi upande wa dirisha. Treni ikaingia gizani chini ya kilima, kioo kikawa cheusi, na ndani yake akajiona yeye na majani ya msonobari begani mwake. Ikatoka upande wa pili kwenye jua.

Ghorofani hakuna kisima. Alijaza maji ndoo ya plastiki ya buluu, ile ya kufulia, akaiweka kibarazani kwenye kivuli, pale pale palipokuwa na kiti cha Kanjiro, akalisimamisha tawi ndani yake. Akavua viatu. Akatandika kitanda upya, pande zote mbili. Kisha akachukua saa ndogo ya mezani, ile iliyokuwa ikiwaamsha tangu siku za tofu, ambayo hakuwahi kuizima hata baada ya kuhama, Kanjiro alipozoea kulala huku ikilia, hata baada ya kubaki peke yake. Akageuza kitufe chake, akaifungia kabatini.

"Lala," akamwambia. "Kesho hakuna soya."